Je, wajua kwa nini tuta la bwawa huliwa kwa ndani kabla halijapasuka?

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, mvua za masika zikiwa zimekolea, tuta la bwawa la shamba binafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilipasuka. Maji na tope vilishuka kwa kasi hadi kwenye makazi yaliyokuwa chini yake. Waliopoteza maisha hawakupungua 47, watoto wakiwa miongoni mwao.

Ukisimama juu ya tuta la lambo, yaani bwawa dogo la udongo, wakati wa kiangazi, unaona kilima tu. Nyasi zimeota, ng'ombe wanakatiza, watoto wanachota maji. Utajiuliza maji yanapata wapi nguvu ya kusukuma mlima wa udongo namna ile. Ukweli ni kwamba mara nyingi hayausukumi. Yanaula.

Hakuna tuta la udongo lisilovuja. Maji hupenya taratibu kati ya chembe za udongo, yakatokea upande wa pili, chini kabisa, kama unyevunyevu au kijito chembamba. Kama udongo ulishindiliwa vizuri, tabaka kwa tabaka, maji hayo hupita bila kubeba kitu. Hatari huanza pale yanapotoka na chembe moja, kisha nyingine. Panapotoka chembe panabaki kitundu, maji yanapata njia rahisi zaidi, yanakaza mwendo, yanabeba zaidi. Kitundu hicho huchimbika kurudi nyuma, kutoka nje kwenda ndani, kikielekea bwawani. Kikilifikia bwawa, zinaweza kubaki saa chache tu. Tena huku juu tuta bado linapendeza, na nyasi zake.

Ndiyo maana ningemwomba kila mwenye lambo awe na chupa ya plastiki inayoonyesha ndani. Kinga maji yanayovuja chini ya tuta, iweke juani, subiri yatulie. Yakiwa maangavu, tuta linavuja kama matuta mengine. Andika tarehe na muda ambao chupa ilichukua kujaa. Ukiona ungaunga wa udongo umetuama chini ya chupa, ujue huo ni udongo wa tuta lako, unaondoka. Na kama chupa iliyokuwa ikijaa kwa dakika mbili sasa inajaa kwa nusu dakika huku kina cha bwawa hakijabadilika, usingoje rangi igeuke.

Njia ya kwanza ya maji mara nyingi huwa imeshatengenezwa na wengine: panya, fuko, mchwa. Mti ulioota juu ya tuta nao, ukikatwa, mizizi yake huoza ikaacha mirija inayoingia ndani kabisa. Usiuache ukakua. Bomba la kutolea maji linalopita ndani ya tuta ni la kuchungwa kuliko yote, kwa sababu ni vigumu kushindilia udongo vizuri chini ya tumbo lake.

Marekani walijifunza kwa gharama kubwa. Huko Toccoa, jimbo la Georgia, bwawa dogo la Kelly Barnes, mali ya chuo kimoja cha Biblia, lilibomoka usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1977 likaua watu 39. Lilikuwa limeacha kuzalisha umeme miaka 20 nyuma, na miti ilikuwa imeota tutani. Baada ya msiba huo serikali ilikagua mabwawa karibu 9,000 yasiyo mali yake, na theluthi moja hivi yakaonekana si salama.

Tuta huweza kufa kwa juu pia. Maji yakipita juu ya tuta hulichimba kwa nyuma, hasa pale palipobonyea kwa kwato za ng'ombe. Kinga yake ni utoro, ile njia ya pembeni inayotoroshea maji ya ziada. Nawaelewa wanaoupandisha utoro kwa viroba vya mchanga ili wapate maji ya kiangazi, ukame unauma. Lakini viroba hivyo huyanyima maji mahali pa kutorokea siku ya gharika. Bwawa la Ka Loko, kisiwani Kauai, Hawaii, lililojengwa 1890 kwa ajili ya miwa, lilibomoka tarehe 14 Machi 2006 na watu 7 wakafa. Uchunguzi uliona kuwa sababu inayoelekea zaidi ni maji kupita juu, maana utoro ulikuwa umefukiwa.

Ukikuta chupa ina matope, wapigie kwanza walio bondeni, hata kama ni usiku wa manane, wahame. Kisha mwite mhandisi na mamlaka ya maji. Wengi hukimbilia kuziba tundu kwa udongo wa mfinyanzi. Maji hujikusanya nyuma yake na kutafuta mlango mwingine. Penye kuvuja huwekwa mchanga, juu yake kokoto, juu yake mawe, ili maji yatoke na udongo ubaki. Bwawa lipunguzwe maji pia, lakini kwa usimamizi wa mtaalamu: kina kikishuka haraka mno, udongo wa upande wa ndani, ukiwa bado umelowa na hauna tena maji ya kuuegemeza, unaweza kuporomokea bwawani.