Kuhudumia mzigo mara mbili: maana yake bandarini

Kontena likinyanyuliwa bila kusogea karibu na meli wala karibu na mwenye mali, hiyo ni kazi ya ziada, na mafuta na muda vimekwenda. Hapo ndipo bandarini husemwa mzigo umehudumiwa mara mbili.

Tanga wanalijua jambo hili vizuri. Kwa miaka mingi maji ya gatini yalikuwa na kina cha mita 3 hivi. Meli kubwa zilitia nanga mbali, shehena ikashushiwa kwenye matishari, yaani vyombo bapa vya kubebea mizigo, ikavutwa hadi gatini, ikapakuliwa upya. Kina kilipochimbwa hadi mita 13 na kujengwa gati za mita 450, meli zikaanza kufunga gatini zenyewe. Ni hatua kubwa sana kwa mji ule.

Kuondoka kwa matishari, hata hivyo, hakuondoi kupangua makontena yadini, yaani kwenye uwanja yanakopangwa kusubiri meli. Unalolitaka liko chini ya mengine mawili? Inabidi hayo mawili yashushwe, kisha yarudishwe: minyanyuo minne ya ziada kwa kontena moja tu.

Dawa yake ni kupanga mapema. Tuseme meli inatoka Tanga, inapitia Mombasa, inaishia Salalah, kule Oman. Makontena ya Salalah yatangulie kuingia, ya Mombasa yakae juu. Yadini iwe kinyume: litakaloingia melini kwanza ndilo likae juu.

Kinachosumbua ni uzito. Meli hutaka vizito chini isije ikalala ubavu. Sasa kontena la tani 28 la Mombasa liwekwe wapi, wakati safari inalitaka juu na uzito unalitaka chini? Mpangaji hodari huipa Mombasa safu zake peke yake, zito likakaa chini kabisa, bila kufunikwa na la Salalah. Safu hizo nazo huzigawa kulia na kushoto ili meli isiinamie upande mmoja.

Kompyuta husaidia hesabu hiyo, lakini huamini uzito ilioandikiwa. Ndiyo maana tangu Julai 1, 2016 kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zinamtaka msafirishaji athibitishe uzito wa kontena kabla halijapakiwa.

Nawasihi wanaosafirisha katani na bidhaa nyingine wauheshimu pia muda wa mwisho wa kupokea makontena. Lililochelewa huwekwa juu ya mengine, hata kama zamu yake ya kupakiwa ni ya mwisho, na yote yaliyo chini yake hayatoki mpaka liondolewe.