Testosteroni, kolesteroli na moyo wa mwanaume

Testosteroni ni homoni inayotengenezwa zaidi kwenye korodani. Wakati wa balehe huleta ndevu na sauti nzito. Kwa mtu mzima hutunza misuli, mifupa, mbegu na hamu ya tendo la ndoa. Malighafi yake ni kolesteroli, ile ile lehemu inayolaumiwa kwa ugonjwa wa moyo. Hapo wengi huteleza, wakidhani ukila mafuta mengi homoni itapanda. Haipandi. Ini lenyewe hutengeneza sehemu kubwa ya kolesteroli, na kiasi cha testosteroni huamuliwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, si bakuli la supu ya kongoro.

Kolesteroli haiyeyuki kwenye damu, kwa hiyo hubebwa. Chembe ziitwazo LDL huipeleka mwilini, na nyingine ziitwazo HDL huirudisha kwenye ini. LDL ikizidi kwa miaka, hupenya ukuta wa mshipa na kubaki humo. Watu husema mafuta yameganda kama uchafu ndani ya bomba, lakini sivyo: uvimbe hukua ndani ya ukuta wenyewe, umefunikwa na utando mwembamba. Utando ukichanika, damu huganda juu yake na kuziba mshipa wa moyo ghafla. Ndiyo maana mwanaume anaweza kubeba magunia ya dagaa asubuhi kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, bila maumivu yoyote, na jioni akaanguka.

Sasa nguvu za kiume. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4. Ugonjwa ni ule ule, ila mshipa mwembamba huonyesha mapema, mara nyingi miaka 2 hadi 5 kabla ya moyo kulalamika. Mwanaume wa miaka 45 ambaye hamu anayo lakini uume unazidi kulegea mwezi hadi mwezi, hata anapoamka asubuhi, afikirie mishipa kwanza: apime presha, sukari na kolesteroli. Hamu yenyewe ikipotea, na uchovu usioisha ukaja pamoja nayo, hapo testosteroni inastahili kupimwa pia.

Badala yake wengi hununua vumbi la Kongo stendi. Dawa za aina hiyo zilipopimwa katika nchi mbalimbali, baadhi zimekutwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume (Viagra). Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia naitreti, dawa za maumivu ya kifua zinazopanua mishipa, akimeza hiyo, presha inaweza kushuka hadi kumuua.

Kitambi nacho kinahusika moja kwa moja. Mafuta ya mwili yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike, na kitambi hicho hicho huvuruga sukari na mafuta ya damu. Kwa hiyo testosteroni ya chini mara nyingi ni dalili ya mwili uliolemewa. Uzito ukipungua, hupanda yenyewe.

Testosteroni ipimwe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla ya kula, na majibu yakiwa ya chini irudiwe siku nyingine. Ukienda alasiri umeshiba, au ukiwa na malaria, namba hushuka na utaandikiwa ugonjwa usio nao. Chini ya nanogramu 300 kwa desilita, pamoja na dalili, huhesabiwa upungufu. Kwa mtu asiye na ugonjwa wa moyo wala kisukari, LDL iwe chini ya milimoli 3.0 kwa lita na HDL izidi milimoli 1.0 kwa lita. Maabara ikikupa miligramu kwa desilita, gawanya kwa 38.7.

Sindano za testosteroni za mitaani zinatutia hofu kweli. Homoni ikiingizwa kutoka nje ya mwili, ubongo huacha kuziamuru korodani. Husinyaa, na mbegu zinaweza kuisha kabisa. Damu huwa nzito na HDL hushuka. Utafiti wa TRAVERSE wa mwaka 2023, kwa wanaume zaidi ya 5,000 wenye upungufu na hatari ya moyo, haukuona jeli ya testosteroni ikiongeza shambulio la moyo au kiharusi, lakini mapigo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni vilikuwa vingi zaidi. Hao walikuwa chini ya madaktari.

Kwa chakula, samaki wa ziwa hana kosa. Sato wa kuchemsha na ugali ni mlo mzuri. Tatizo ni kikaango. Karibu nusu ya mawese ni mafuta yanayopandisha LDL, wakati kwenye alizeti ni kama sehemu moja kwa kumi.

Ukiandikiwa statini, dawa ya kushusha kolesteroli, usiogope uanaume wako: kwa dozi za kawaida testosteroni haibadiliki kwa kiasi cha kukudhuru. Kosa kubwa ni kuiacha baada ya mwezi kwa kuwa unajisikia vizuri, maana LDL hurudi juu ndani ya wiki chache. Pima tena baada ya wiki 4 hadi 12, dozi irekebishwe kwa namba hiyo.