Je, wajua kwa nini pikipiki ya kulalia hutengenezewa mkia mrefu?

Dereva wa pikipiki ya kulalia hakai wima nyuma ya tangi la mafuta. Anaegemeza mgongo kwenye kiti kilicho karibu na ardhi, miguu imenyooshwa mbele, na mara nyingi amezungukwa na bodi yenye pua ya mviringo na mkia mrefu uliochongoka. Anayeiona kwa mara ya kwanza hutazama pua, akiamini hiyo ndiyo inayopasua upepo. Fundi anayeijenga huhangaikia zaidi mkia, na ana sababu.

Tuanze na hewa yenyewe. Ukizidisha mwendo mara mbili, hewa inakuzuia mara nne, na nguvu ya injini inayohitajika kuishinda inapanda mara nane. Pikipiki ya kawaida yenye dereva aliyekaa wima hutumia takriban kilowati 0.7 kupambana na hewa ikiwa kwenye kilomita 50 kwa saa. Kwenye kilomita 100 mahitaji hayo yanakaribia kilowati 6, na hapo msuguano wa matairi na cheni bado haujahesabiwa. Kwa hiyo kwenye barabara kuu sehemu kubwa ya nguvu inayofika kwenye gurudumu huishia kusukuma hewa.

Kinachoshangaza ni kwamba pikipiki, pamoja na wembamba wake wote, ina umbo baya kuliko gari. Wahandisi hupima jinsi umbo linavyokinzana na hewa kwa namba moja: kwa gari dogo la kisasa ni kama 0.3, lakini kwa pikipiki isiyo na bodi, dereva akiwa juu yake, hufika 0.6 au zaidi. Kifua, magoti, injini na vioo, kila kimoja kinaivuruga hewa kivyake.

Kumlaza dereva kunapunguza eneo linalokutana na hewa. Hiyo ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu rahisi. Hewa ikishapita mabega inatakiwa ijaze nafasi iliyoachwa nyuma. Mwili ukiishia ghafla, hewa inabanduka, inazunguka ovyo, na kanieneo (mkandamizo wa hewa) ya nyuma inashuka. Mbele kanieneo ni kubwa, nyuma ni ndogo, na tofauti hiyo ndiyo inayoirudisha pikipiki nyuma. Mkia unaopungua polepole unaiwezesha hewa kufuata bodi hadi mwisho. Ukipungua kwa pembe kali, tuseme zaidi ya digrii 15, hewa inabanduka tena na kazi yote imepotea. Kwa kuwa mabega ya mtu hayapunguziki, mkia hauna budi kuwa mrefu. Fundi asiye na nafasi anaweza kuukata wima kabla haujachongoka kabisa. Mjerumani Wunibald Kamm alichunguza umbo hilo kwenye magari miaka ya 1930, na faida kubwa hubaki hata mkia ukikatwa hivyo.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa Ujerumani. Gustav Adolf Baumm alibuni chombo chembamba cha NSU, kampuni ya pikipiki, ambamo dereva alilala chali, na mwaka 1954 alikiendesha mwenyewe na kuvunja rekodi. Alifariki mwaka 1955 akiwa kwenye majaribio. Mwaka 1956, katika uwanda wa chumvi wa Bonneville nchini Marekani, dereva wa mashindano H. P. Müller alikiendesha chombo cha aina hiyo chenye injini ya cc 125 tu, akapita kilomita 240 kwa saa. Injini ya ukubwa huo kwenye pikipiki ya kawaida hata haikaribii mwendo huo.

Anayetaka kujenga ya kwake aanze na mwili wa dereva, kisha fremu. Kiti cha mbao, boksi za katoni na mtu aliyekaa humo muda mrefu vitaonyesha shingo inaumia wapi na macho yanaona umbali gani. Pembe ya mgongo ikishapatikana, ndipo mabomba yakatwe na kuchomelewa. Injini ya skuta inafaa sana, kwa sababu haihitaji mguu wa kubadilishia gia. Usukani ndio mgumu: gurudumu la mbele liko mbali na mikono, kwa hiyo huunganishwa kwa fimbo na viungo, na kiungo kikilegea kidogo tu pikipiki inayumba. Hapa singekubali kubana matumizi hata kidogo. Bodi inaweza kuwa ya alumini au faibaglasi, mradi iwe na njia ya hewa ya kupozea injini, na pia njia ya hewa hiyo kutokea. Wengi husahau ya pili.

Kukaa chini kuna gharama yake. Simamisha fimbo ndefu kwenye kiganja, kisha fupi: fupi huanguka haraka zaidi. Ndivyo uzito ulio chini unavyofanya katika mwendo wa polepole, na dereva hujifunza upya kusawazisha kabla ya kuingia barabarani.

Hatari kubwa zaidi ni upepo wa ubavuni. Baada ya msimu wa 1957, Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki lilipiga marufuku mashindanoni bodi zilizofunika gurudumu la mbele, kwani upepo wa pembeni ulizifanya kuwa hatari. Eneo kubwa la bodi likiwa mbele, upepo unaisukuma pua pembeni. Mkia unaongeza eneo nyuma na kuupunguza msukumo huo, jambo ambalo pua ndefu haiwezi. Ningeanza na bodi ya mkia peke yake, niizoee siku yenye upepo, ndipo nifunike mbele.

Kuupima mkia hakuhitaji maabara. Bandika vipande vifupi vya uzi wa sufu kwenye bodi yote na umwombe mwenzako akurekodi video kutoka kwenye gari linalokwenda sambamba nawe, kwenye barabara isiyo na magari mengine. Uzi unaolala ukielekea nyuma una hewa iliyoshikana na bodi. Ukiona uzi unatikisika au kugeukia mbele, hapo ndipo hewa imebanduka, na pembe ya bodi kuanzia kidogo kabla ya hapo inahitaji kupunguzwa.