Darubini ya bunduki: acheni kuniuliza inavuta mara ngapi

Kila mteja anayetaka nimchagulie darubini ya bunduki huanza na swali lile lile: "Fundi, hii inavuta mara ngapi?" Wiki hii nimeulizwa tena na mheshimiwa anayejiandaa kwenda kuwinda Pori la Akiba Rungwa, ambaye tayari ameshaamini kwamba inayovuta mara 25 haiwezi kushindwa na inayovuta mara 9.

Inashindwa, tena vibaya. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwali wa mwanga unaofika jichoni: lenzi ya milimita 50 ikikuza mara 8 hutoa milimita 6 na ushei, lakini ikikuza mara 25 hutoa milimita 2 tu. Jioni, tandala wanapotoka vichakani, mboni ya jicho huwa imetanuka kupita hapo, kwa hiyo aliyelipia 25 analitazama giza lililokuzwa vizuri. Mchana nako, jua likishapanda kwenye mbuga za Usangu, mazigazi huichezesha shabaha, na darubini huyakuza pamoja nayo.

Linaloniudhi zaidi ni alama za msalaba wa kulengea, kwa sababu hakuna muuzaji anayezieleza. Darubini nyingi za kuwindia zina msalaba usiobadilika ukubwa unapozungusha ukuzaji, na alama zake huwa sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu, aghalabu ule wa juu kabisa. Tuseme alama moja ni miliradiani moja (kipimo cha pembe) kwenye ukuzaji wa mara 24, yaani sentimita 40 kwa umbali wa mita 400. Mwindaji akipunguza hadi 12 ili amwone mnyama na wenzake, alama ile ile sasa inachukua sentimita 80. Akiitumia kufidia upepo kama alivyozoea, risasi itakwenda sentimita 40 kando ya alipokusudia, na pofu aliyepaswa kuanguka ataondoka na jeraha la tumboni. Zipo darubini ambazo msalaba hukua na kupungua pamoja na picha, na kwa shabaha za mbali ndizo ninazozipendekeza; kwa porini bado nasitasita, kwani ukipunguza ukuzaji nyuzi zake huwa nyembamba mno kuonekana kivulini.

Usiamini maandishi ya kwenye boksi. Funga darubini pasipotikisika, simamisha futi ya fundi ujenzi wima mita 100 kamili mbele yako, kisha zungusha kitasa cha juu hatua 100 za miliradiani 0.1. Msalaba unapaswa kusogea mita moja barabara, na ukirudisha hatua zote urejee ulipoanzia. Darubini ikisogea sentimita 96, mie siitaki hata kama kioo chake ni cha Ujerumani. Kuhusu vioo vyenyewe, nakiri kwamba bei ikishafika kiwango fulani sijui kama ninachokiona ni ubora au ni fedha iliyokwisha kulipwa.

Jambo la mwisho ni kwa wanaotoka Dar es Salaam. Iringa mjini ni takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo risasi haishuki kama inavyoshuka pwani. Ziro yako ya mita 100, yaani umbali uliorekebishia darubini ili risasi ipige pale msalaba ulipo, haitabadilika sana, lakini kwenye mita 600 jedwali la kushuka kwa risasi uliloliandaa pwani litairusha risasi juu ya shabaha, kwa hiyo andaa jedwali jipya ukiwa huku.