Chaguo badilifu katika fomu za Django

Katika Django, mfumo wa Python wa kutengeneza tovuti, chaguo badilifu ni orodha ya majibu ya fomu ambayo haikuandikwa moja kwa moja kwenye msimbo, bali hupatikana programu inapoendeshwa, kwa kutegemea hifadhidata au mtumiaji aliyeingia kwenye mfumo. Siku za juma zinaweza kuandikwa mara moja zikakaa. Masomo anayofundisha mwalimu fulani hayaandikiki hivyo.

Ugumu wake ni wa wakati. Python husoma klasi ya fomu mara moja tu, pale faili linapopakiwa, na kila kilichomo hutekelezwa papo hapo. Anayeweka choices=list(Somo.objects.values_list('id', 'jina')) ndani ya klasi huiuliza hifadhidata kabla mtumiaji yeyote hajafika, na jibu hubaki lile lile mpaka seva iwashwe upya, hata masomo mapya yakiongezwa. Kwenye hifadhidata isiyo na majedwali bado, hata amri ya migrate, inayoyaunda majedwali hayo, yaweza kukwama kwa sababu hiyo hiyo, na kosa hilo humchosha mtu kulitafuta.

Tangu toleo la 1.8 la Django, choices hupokea pia fanksheni, ambayo huitwa kila fomu mpya inapoundwa. Iandikwe bila mabano, choices=pata_masomo, la sivyo tumerudi kule kule. Hata hivyo, fanksheni hiyo haipewi taarifa yoyote, hivyo haimjui mtumiaji. Anapohitajika yeye, kazi huhamia __init__ ya fomu, yaani fanksheni inayoendeshwa kila fomu inapoundwa:

def __init__(self, *args, mwalimu, **kwargs):
    super().__init__(*args, **kwargs)
    self.fields['somo'].queryset = Somo.objects.filter(mwalimu=mwalimu)

Hapa somo ni ModelChoiceField, sehemu ya fomu ambayo majibu yake hutoka kwenye hifadhidata kupitia queryset. Mstari wa super hutangulia kwa kuwa ndio unaounda self.fields, nakala ya fomu hii peke yake, kwa hiyo orodha ya mwalimu mmoja haivuji kwa mwingine.

Orodha hii si ya kuonyeshwa tu. Fomu inapotumwa, Django hulinganisha jibu na orodha iliyoundwa wakati huo, na mtu aliyechezea ukurasa kwenye kivinjari ili atume namba ya somo la mwenzake hukataliwa. Ndiyo maana mwalimu hupitishwa kwenye fomu mara zote mbili, inapofunguliwa na inapopokelewa. Kwa mantiki hiyo hiyo, wilaya zilizojazwa na JavaScript baada ya mkoa kuchaguliwa zitakataliwa zote, ikiwa __init__ haikusoma mkoa uliotumwa ikaipa seva wilaya zake.