Taashira ya uanaume katika riwaya za vita

Taashira ni mbinu ya kukibebesha kitu cha kawaida maana iliyo kubwa kuliko umbo lake. Katika riwaya zinazohusu askari vijana, kitu hicho huwa buti, bunduki, bendera au kovu, na swali linalobebwa mara nyingi ni moja: nani mwanamume, na nani kaamua hivyo?

Mfano ninaoupenda ni The Red Badge of Courage ya Mmarekani Stephen Crane, iliyotoka mwaka 1895. Henry Fleming, kijana wa shambani, anajiunga na jeshi la Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Mapigano yanapopamba moto, anatimua mbio. Njiani anakutana na msafara wa majeruhi na kuwaonea wivu. Anatamani naye angekuwa na jeraha, kwani damu ndiyo cheti cha ushujaa. Jeraha analipata kweli, lakini si kutoka kwa adui. Askari wa upande wake mwenyewe, naye akikimbia, anampiga kichwani kwa kitako cha bunduki. Kambini wenzake wanadhani risasi imemparuza. Wanamfunga kitambaa na kumtunza, naye ananyamaza.

Kidonda ni cha kweli na maumivu ni ya kweli, ila heshima yake imejengwa juu ya ukimya huo. Kesho yake Henry anapigana kwa ukali, hata anashika bendera. Wapo wanaosema hapo kijana amekomaa. Mimi naona jambo zito zaidi: sasa ana sifa ya kulinda mbele ya macho ya wanaume wenzake, na woga wa kuumbuka umezidi woga wa kufa.

Mjerumani Erich Maria Remarque, aliyepelekwa vitani angali kijana, alitumia buti katika Im Westen nichts Neues (1929), riwaya ya Vita Kuu, yaani Vita vya Kwanza vya Dunia. Jozi nzuri ya ngozi laini inatoka kwa askari Kemmerich, aliyekatwa mguu, inakwenda kwa mwenzake Müller, kisha kwa Paul, msimulizi. Wanafunzi wengi huandika kwamba buti ni ishara ya kifo, wakaishia hapo. Tazama pia namna Müller anavyoziulizia Kemmerich angali hai kitandani, na Paul hamwoni katili. Hawa ni vijana waliohimizwa na mwalimu wao, Kantorek, wajiandikishe darasa zima. Mstari wa mbele umewafundisha kuweka huzuni kando.

Humo humo, kuruta anajichafua kwa hofu chini ya mizinga, na Paul anamwambia si aibu, wengi yamewapata. Uanaume wa namna hiyo, unaoruhusu hofu, uliwaudhi Wanazi. Mei 1933 walipochoma vitabu, vya Remarque vilitupwa motoni kwa shtaka la kuwasaliti askari wa Vita Kuu.