Difu ya namba kubwa haiongezi spidi ya mwisho

Kwenye gereji za Tanga hukosi mteja anayetaka difu (gia za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu) ya "namba kubwa" ili gari likimbie zaidi barabara ya Segera. Ni kinyume. Namba hiyo ni meno ya krauni (gia kubwa ya difu) kugawanya kwa meno ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha): 43 kwa 10 ni 4.30, 41 kwa 11 ni 3.73. Ikiwa kubwa, gari huchomoka haraka, lakini injini humaliza mizunguko mapema. Chukua tairi lenye mzingo wa mita 2, gia ya 1:1 (injini na propela, yaani shafti ya kutoka giaboksi hadi difu, huzunguka sawa). Kwenye kilomita 100 kwa saa, 3.73 inadai mizunguko kama 3,100 kwa dakika, 4.30 karibu 3,600. Kelele na bili ya mafuta ni zako.

Difu la mtumba lisilo na kibati cha namba hiyo, hesabu mwenyewe. Zuia magurudumu ya mbele, toa gia, achia breki ya mkono, inua gurudumu moja la nyuma na uliegemeze kwenye stendi. Piga chaki kwenye tairi na propela, kisha zungusha tairi raundi 2 kamili. Propela ikienda raundi 4 na robo hivi, ni 4.30. Difu lililochomelewa, yaani magurudumu yote mawili yamefungwa yazunguke pamoja, halipimiki hivyo (na kwa gari la barabarani ni balaa, tairi huburuzwa kila kona): inua magurudumu yote mawili, zungusha raundi 1.

Krauni na pinioni nunua jozi moja. Ukichanganya, difu litalia, kisha meno yakatike.